ANN REEVES JARVIS: MAMA ALIYEIZAA SIKU YA MAMA

Nani kama mama! Msemo huu kila mtu anaujua, na kila Jumapili ya pili ya mwezi wa Mei hapa kwetu Kenya husikika kila pembe. Makanisani akina mama huitwa mbele na kuombewa. Watoto wa Shule ya Jumapili huwaimbia. Redioni salamu humiminika kama mvua ya masika, na mjini wauza maua nao hupandisha bei. Hiyo ndiyo Siku ya Mama.

Lakini hebu mwulize mtu yeyote: je, siku hii ilitoka wapi? Na huyo mama wa kwanza aliyekumbukwa alikuwa nani? Wengi watakuna kichwa. Mmoja atakwambia ati imeandikwa katika Biblia. Mwingine atakwambia ni ujanja wa wauza kadi tu. La hasha! Siku hii ina mwenyewe. Alikuwa mama wa mji mdogo milimani, mke wa mwenye duka, mtu ambaye hakuwahi kushika cheo chochote serikalini wala kupiga kura hata siku moja. Jina lake ni Ann Reeves Jarvis. Katika makala haya, mpenzi msomaji, nitakusimulia maisha yake tangu kuzaliwa hadi kufa, na hata baada ya kufa, kwa maana mambo yake hayakuishia kaburini.

Ann alizaliwa tarehe 30 Septemba mwaka wa 1832 katika mji wa Culpeper, jimbo la Virginia, nchini Marekani. Baba yake, Josiah Reeves, alikuwa mhubiri wa Kanisa la Methodisti. Mhubiri wa Methodisti hana makazi ya kudumu, akiambiwa hama huhama. Basi Ann akiwa bado msichana, baba alihamishiwa mji wa Philippi, katika sehemu ya milima upande wa magharibi wa jimbo hilo. Huko ndiko alikokulia na huko ndiko alikopata mchumba. Mnamo mwaka wa 1850 aliolewa na Granville Jarvis, ambaye naye alikuwa mtoto wa mhubiri, ila wa Kanisa la Baptisti. Baada ya miaka miwili wakahamia Webster, mji mdogo usiokuwa mbali, na Granville akafanya biashara ya duka.

Mpaka hapo utaona ni maisha ya kawaida tu. Mume ana duka, mke yuko nyumbani, Jumapili wanakwenda kanisani. Masaibu yalianza walipoanza kupata watoto.

Katika muda wa miaka kama 17 Ann alijifungua zaidi ya mara kumi. Katika watoto wote hao, ni wanne tu waliofika utu uzima. Soma tena hapo, msomaji. Wanne tu! Waliobaki walikufa wakiwa wachanga au wadogo. Maradhi yaliyokuwa yakiua watoto katika milima ile ni surua, homa ya matumbo na dondakoo. Leo sisi tunadungwa sindano ya surua tukiwa watoto na tunasahau. Enzi zile chanjo ya surua haikuwako, ilikuja karne nzima baadaye. Dondakoo nayo humfanya mtoto ashindwe kupumua, koo likaziba, na mama akawa anatazama tu.

Ann hakuwa peke yake katika msiba huu. Karibu kila nyumba ya milima ile ilikuwa na kaburi dogo. Watu walikuwa wamezoea. Walisema ni mapenzi ya Mungu, wakazika, wakaendelea na kazi. Ann naye alikuwa mcha Mungu, tena sana, lakini hakukubali kwamba kila mtoto aliyekufa alikuwa lazima afe. Hapa ndipo ninapomwona kuwa mtu wa pekee. Ni rahisi mtu aliyefiwa namna ile kujifungia nyumbani na uchungu wake. Yeye aliutoa uchungu wake nje, akauliza: kwa nini watoto wetu wanakufa?

Mtu wa kumsaidia kujibu alikuwa katika ukoo wake mwenyewe. Kaka yake, James Reeves, alikuwa daktari, na alikuwa akipambana na homa ya matumbo katika sehemu zile zile. Baadaye alikuja kuwa mmoja wa madaktari wenye jina katika mambo ya afya ya umma huko Marekani. Mwaka wa 1858, Ann akiwa mjamzito tena, aliwakusanya akina mama wa miji mitano, yaani Webster, Grafton, Pruntytown, Fetterman na Philippi, wakaanzisha vikundi. Vikundi hivyo waliviita vikundi vya siku ya kazi ya akina mama. Kumbuka jina hilo, kwa maana nitalirudia. Haikuwa siku ya kupewa maua. Ilikuwa siku ya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya namna gani? Daktari Reeves alikuja kuwafundisha akina mama habari za usafi na maradhi. Kisha akina mama wenyewe walizunguka nyumba kwa nyumba wakieleza wenzao juu ya usafi wa nyumba, maji na chakula. Walichanga pesa za kuwanunulia dawa wasiojiweza. Ikiwa kuna nyumba ambayo mama ana kifua kikuu, walitafuta mwanamke wa kumsaidia kazi za nyumbani na kuwaangalia watoto, wakamlipa. Tena walikagua maziwa na vyakula vya watoto kabla havijaliwa, wakati ambapo serikali yenyewe ilikuwa haijaanza kufanya ukaguzi wa namna hiyo.

Ili uelewe uzito wa jambo hili, kumbuka mwaka. Ilikuwa 1858. Wakati huo madaktari wengi duniani walikuwa hawajakubali kwamba maradhi huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wengi walisema maradhi huletwa na hewa mbaya. Kijidudu cha kifua kikuu kilikuja kutambuliwa na Robert Koch mwaka wa 1882, miaka 24 baadaye. Kumbe akina mama wa milimani, wasio na darubini wala maabara, walikuwa tayari wanatazama maziwa na kusafisha nyumba! Walimsikiliza daktari wao, nao walikuwa na macho. Waliona maradhi yanapoanzia.

Hapa kwetu mambo haya si mageni. Tunavijua vikundi vya akina mama wanaochangiana pesa kwa zamu, huyu anunue tangi la maji na yule alipe karo. Tunawajua pia wahudumu wa afya ya jamii wanaopita mitaani na vijijini wakiuliza kama mtoto amechanjwa na kama nyumba ina choo. Mtu akimwona mama kama huyo akipita juani na mkoba wake, na akitaka kujua Ann Jarvis alikuwa mtu wa namna gani, basi ni huyo huyo.

Miaka mitatu baada ya vikundi kuanza, Marekani ikapasuka. Mwezi wa Aprili 1861 vilizuka vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini. Chanzo kikubwa kilikuwa utumwa wa watu weusi, ambao majimbo ya Kusini hayakutaka kuuacha. Virginia ilijiunga na Kusini, lakini watu wengi wa milima ya magharibi walikataa, na mwaka wa 1863 sehemu yao ikawa jimbo jipya, West Virginia. Kwa hiyo akina Ann walikuwa katikati kabisa, panapokata msumeno. Zaidi ya hayo, reli kubwa ya Baltimore na Ohio ilipita Grafton, na kila jeshi lilitaka kuishika. Mapigano ya Philippi, mji aliokulia Ann, yalifanyika tarehe 3 Juni 1861, na wengi huyahesabu kuwa ndiyo mapigano ya kwanza ya nchi kavu katika vita vile.

Kulikuwa na familia ambazo ndugu mmoja alikwenda Kaskazini na mwingine Kusini. Bila shaka vikundi vya akina mama navyo vingeweza kuvunjika, maana mama huyu mwanawe yuko huku na mama yule mwanawe yuko kule. Ann aliwasihi wasigawanyike. Waliamua kwamba vikundi havitakuwa na upande. Mwanajeshi akiwa mgonjwa au amejeruhiwa atauguzwa, awe amevaa sare ya buluu ya Kaskazini au ya kijivu ya Kusini. Homa ya matumbo na surua zilipolipuka katika kambi za majeshi, akina mama wale waliitwa kusaidia, wakaenda. Waliwalisha vijana, wakawavisha, wakawauguza.

Wapo watakaouliza, je, ilikuwa haki kutokuwa na upande katika vita vilivyohusu utumwa? Hasa sisi Waafrika tuna haki ya kuuliza, kwa maana waliokuwa utumwani ni damu yetu. Swali hili ni zito na sidhani kwamba lina jibu jepesi. Upande mmoja ulikuwa unatetea jambo ovu, hilo halina mjadala. Hata hivyo, kijana wa miaka 18 anayetetemeka kwa homa juu ya majani makavu anahitaji maji na blanketi kabla ya mtu kumwuliza ametoka wapi. Ann alikuwa amewazika watoto waliokufa kwa homa hiyo hiyo. Nadhani ndiyo sababu hakuweza kumpita kijana huyo, hata kama ni adui.

Vita viliisha mwaka wa 1865, lakini chuki haikuisha. Wanajeshi wa pande zote mbili walirudi katika vijiji vile vile, wakanywa maji ya visima vile vile, na kila mmoja alijua jirani yake alipigania wapi. Sisi Wakenya tuliona jinsi majirani walivyotazamana baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, kwa hiyo tunajua hali kama hiyo inavyokuwa. Mwaka wa 1868 Ann na akina mama wake waliandaa siku waliyoiita siku ya urafiki ya akina mama. Waliwaalika wanajeshi wa zamani wa Kaskazini na wa Kusini pamoja na familia zao, wakutane kwenye mahakama ya wilaya huko Pruntytown.

Si mchezo! Watu walitoa vitisho kwamba damu itamwagika. Wengine wangeahirisha. Ann hakuahirisha. Siku ilipofika watu walikuja, wengine wakiwa na hasira zao. Ann alisimama akazungumza nao juu ya umoja na msamaha, na nyimbo zikaimbwa. Mkutano uliisha kwa machozi na kupeana mikono, wala hakuna risasi iliyolia. Nani mwingine angeweza kuwaita wanaume wale wakaja? Mwanasiasa asingeweza, kwa maana kila mwanasiasa alikuwa na upande wake. Lakini kila mmoja wao alijua kwamba mama huyu alimwuguza yeye au alimwuguza adui yake bila kubagua. Heshima hiyo haikununuliwa siku ile. Ilikuwa imejengwa tangu mwaka wa 1858, nyumba kwa nyumba.

Wakati huo familia ilikuwa imehamia Grafton. Mwaka wa 1873 lilifunguliwa pale kanisa la Methodisti liitwalo Andrews, na Ann akawa mwalimu wa Shule ya Jumapili kwa zaidi ya miaka 20. Mbali na hayo, alikuwa akialikwa kutoa mihadhara juu ya afya ya watoto na faida ya vitabu. Alipenda sana elimu. Binti yake Anna, aliyezaliwa tarehe 1 Mei 1864, alipelekwa kusoma katika chuo cha wasichana huko Staunton, Virginia, jambo ambalo kwa wasichana wengi wa milimani wakati ule lilikuwa ndoto.

Kuna siku moja ya mwaka wa 1876 ambayo Anna aliisimulia maisha yake yote. Alikuwa na umri wa miaka 12 na mama yake alikuwa akifundisha Shule ya Jumapili somo la akina mama wa Biblia. Mwisho wa somo mama aliomba sala. Katika sala hiyo alimwomba Mungu amwinue mtu, siku moja, atakayeanzisha siku ya kuwakumbuka akina mama kwa utumishi wao kwa binadamu. Zingatia hapo, msomaji: utumishi kwa binadamu. Ann hakuomba akina mama wakumbukwe kwa kupika na kufua kwao tu. Alikuwa akifikiria kazi wanayoifanyia dunia nzima. Mtoto yule aliyaweka maneno hayo moyoni.

Miaka ilikwenda. Granville alifariki mwaka wa 1902. Ann, sasa mjane mzee, alihamia Philadelphia kuishi na watoto wake, Anna akiwa mmoja wao. Afya yake ikaanza kudhoofika, na binti akamtunza mama kama mama alivyomtunza yeye. Tarehe 9 Mei 1905 Ann Reeves Jarvis aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 72. Kwa mtu aliyeishi wakati wa maradhi na vita kiasi kile, hayo yalikuwa maisha marefu.

Wengi wetu hadithi yetu huisha hapo. Lakini wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Anna aliikumbuka ile sala ya mwaka wa 1876, akaanza kuandika barua. Aliwaandikia wahubiri, wafanyabiashara, magavana, wabunge na wenye magazeti. Tarehe 10 Mei 1908, Jumapili ya pili ya mwezi, iliadhimishwa Siku ya Mama ya kwanza katika kanisa lile lile la Andrews huko Grafton ambamo Ann alikuwa akifundisha. Anna alituma maua 500 meupe ya aina ya kanesheni, kwa sababu ndiyo maua ambayo mama yake aliyapenda. Siku hiyo hiyo maelfu ya watu walikusanyika Philadelphia katika ukumbi wa duka kubwa la mfanyabiashara John Wanamaker, naye Anna akawahutubia.

Mwaka wa 1910 gavana wa West Virginia aliitambua siku hiyo katika jimbo lake. Halafu mwaka wa 1914 Rais Woodrow Wilson alitia sahihi tangazo la kuifanya siku ya taifa zima. Tangazo hilo lilitolewa tarehe 9 Mei, miaka tisa kamili tangu Ann afe. Kutoka Marekani siku hiyo ikaenea katika nchi nyingi duniani hadi ikafika kwetu.

Sasa hapa sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuna la kusema, kwa maana kuna suala la lugha. Katika Kiingereza Anna alisisitiza kwamba jina liandikwe kwa umoja: Siku ya Mama, siyo Siku ya Akina Mama. Alitaka kila mtu amkumbuke mama yake mmoja aliyemzaa. Ni wazo zuri, na linatoka katika mapenzi ya kweli. Lakini mama yake alitumia wingi! Vikundi vyake vilikuwa vya akina mama, siku yake ya urafiki ilikuwa ya akina mama, na sala yake iliwaombea akina mama. Herufi moja tu ikihama, maana nzima inahama. Katika Siku ya Mama, mtoto anashukuru kwa alichofanyiwa nyumbani. Katika Siku ya Akina Mama, wanawake wanakusanyika wafanye kazi ambayo mmoja peke yake haiwezi. Binti alimpenda mama yake sana hata akamfanya akumbukwe duniani kote, lakini wanaomkumbuka wengi hawajui kwamba aliwahi kukagua maziwa au kuwapatanisha wanajeshi. Mapenzi ya kwake yamekumbukwa, kazi yake imesahauliwa.

Anna mwenyewe aliona upesi kwamba jambo limeharibika. Wauza maua, wauza kadi na wauza peremende waliivamia siku ile. Maua ya kanesheni yakapanda bei. Anna alikasirika mno. Alisema na kuandika kila mahali kwamba kadi ya kununua ni uvivu wa mtu asiyetaka kumwandikia mama yake barua kwa mkono wake. Alitishia kushtaki makampuni. Mwaka wa 1925 alikamatwa na polisi huko Philadelphia kwa kuvuruga mkutano wa chama cha akina mama wa wanajeshi kilichokuwa kikiuza kanesheni kupata fedha. Alitumia mali yake kupigana na siku aliyoianzisha mwenyewe. Lakini wapi! Mtu mmoja hawezi kuzuia mafuriko kwa mikono. Alifariki tarehe 24 Novemba 1948 katika nyumba ya wagonjwa huko Pennsylvania, akiwa na umri wa miaka 84. Hakuolewa wala hakujaaliwa mtoto wa kumwita mama.

Mimi namhurumia Anna, lakini sikubaliani naye katika kila kitu. Kwanza, biashara ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Si ukumbi wa Wanamaker ulikuwa ndani ya duka? Pili, maua yenyewe si dhambi. Maua mengi yanayouzwa Ulaya siku za kuwakumbuka akina mama hutoka hapa kwetu, Naivasha na kwingineko, na wengi wa wanaoyakata na kuyafunga ni wanawake. Mama wa Naivasha hulipia mtoto wake karo kwa ua ambalo mama wa Ulaya anapewa zawadi. Kumwambia aache kwa sababu biashara si nzuri ni kumnyima chakula. Kosa halimo ndani ya ua. Kosa ni kudhani kwamba ukishatoa ua umemaliza deni.

Nafikiri Ann angeuliza maswali mengine kabisa. Angeuliza mwanamke aliyelifunga ua lile analipwa kiasi gani, na mtoto wake anaachwa na nani anapokwenda kazini alfajiri. Angeuliza maji ya mtaa ule yanatoka wapi. Angeuliza maziwa yamechemshwa? Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kuuliza mambo madogo ambayo kumbe ndiyo yanayoua watoto. Homa ya matumbo bado iko nchini mwetu. Surua bado hulipuka mahali ambapo watoto hawajachanjwa. Kazi aliyoianza mwaka wa 1858 haijaisha, imehama tu.

Kanisa la Andrews bado liko Grafton, na mwaka wa 1992 serikali ya Marekani iliorodhesha jengo lake kuwa la kihistoria. Lakini nadhani kumbukumbu nzuri zaidi ya Ann haiko ndani ya jengo. Mwezi wa Mei ukifika, msomaji, mpe mama yako ua ukiweza, na kama huna pesa mwandikie barua kama Anna alivyotaka. Sisi wa shule za kutwa hatuna hata haja ya stempu, kwa kuwa jioni tunarudi nyumbani na tunamkuta. Kisha mwulize kikundi chao kinakutana lini na kama kuna kazi unayoweza kusaidia, hata kama ni kuteka maji, kuandika majina ya watoto ambao hawajachanjwa, au kubeba viti tu. Hapo utakuwa umeadhimisha siku zote mbili, ya mama na ya akina mama.

Ann Reeves Jarvis alizika watoto wengi, lakini hatutajua kamwe ni watoto wangapi wa wenzake hawakuzikwa kwa sababu yake. Kalamu naiweka chini.